Kusafirisha sampuli za wagonjwa wetu ng'ambo au kujenga maabara nyumbani?

Njia ya kwanza tunaijua. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwasumbua watoto. Baadaye vipande vya uvimbe huo vikawa vinapandishwa ndege hadi London, kwa mtafiti wa virusi Anthony Epstein. Safari moja ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Kichupa kilipomfikia, maji yake yalikuwa na ukungu pia, mtu angedhani yameoza. Kumbe ni seli za saratani, hai, zinaelea! Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr, vilivyoonekana ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni, vikatangazwa. Njia ya haraka, sikatai. Ila jina likawa la wa London, na hadubini hiyo ikabaki hukohuko.

Ya pili ni ya mwendo wa kinyonga. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza 1967 kwa msaada wa Wamarekani. Enzi za Amin wageni walipoondoka, Charles Olweny na wenzake wakabaki na wagonjwa. Miaka mingi baadaye kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, kikaingia ubia na taasisi hiyo: madaktari wa Uganda wakaenda kusomea huko, na mwaka 2015 likafunguliwa jengo Kampala, kliniki na maabara chini ya paa moja.

Mimi nachagua hii. Sampuli ipande ndege pale tu mashine inapokosekana, tena kwa mkataba unaosema itarudi lini na nani ataandika matokeo.