Betri ya vani isikufie saiti: ununue nini kwanza

Mimi hufunga madirisha ya alumini, na nyumba nyingi ninazofungia ziko Ruai, Kamulu na Kitengela, pembezoni mwa Nairobi, kuta zimesimama lakini stima bado. Umeme wangu hutoka kwenye vani. Mwaka wa kwanza niliunganisha inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, moja kwa moja kwenye betri ya kuwashia gari. Saa kumi jioni, huko Kamulu, nikapiga stata ikajibu tk-tk-tk. Vijana wa mjengo wakaisukuma mpaka ikashika, nami nikawalipia soda. Kesho yake nikanunua betri kubwa zaidi, na hilo likawa kosa la pili: kila jioni ilisoma volti 12.1, yaani chini ya nusu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinaijaza vizuri.

Kwa hiyo hapa napanga vitu vya kujaza betri, nikianza na cha kununua kwanza. Betri ya kazi iwe ya pili, peke yake, mbali na ile ya stata.

Namba moja ni chaja ya DC kwa DC, yaani inayochukua umeme wa gari likiwa linawaka na kujaza betri ya pili, ya amperi 30. Alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, iliwekwa kwa ajili ya betri ya mbele. Umeme ukisafiri hadi nyuma ya vani volti zimeshapungua, na kwenye magari mengi mapya alteneta hushusha volti makusudi ili kuokoa mafuta. Chaja hii huzipandisha hadi kiwango ambacho betri yako inataka, 14.4 hivi kwa nyingi, na injini ikizimwa inakata yenyewe. Amperi 30 kwa saa moja ni karibu Ah 30 (amperi-saa, kipimo cha umeme ulioingia kwenye betri). Nikitoka Kayole asubuhi kwenda Kitengela, Mombasa Road ikiwa imefunga, natumia saa mbili njiani, kwa hiyo nafika nikiwa nimerudisha Ah 60 hivi. Ndiyo faida pekee ya jam ninayoijua. Usivutwe na ya amperi 60 kabla hujasoma kibandiko cha alteneta. Mimi sipitishi nusu ya kilichoandikwa, maana gari likisimama linaunguruma, alteneta hutoa kidogo na joto hupanda.

Pesa nyingine ya hapo iende kwenye waya, na hapa ndipo watu hujibania. Kwa chaja ya 30, waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, na fyuzi kila upande, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Niliwahi kuuziwa waya mnene wa kupendeza. Nilipoukata kwa koleo, nyuzi zilikuwa nyeupe ndani, zimepakwa rangi ya shaba tu. Mimi wa alumini nikauziwa alumini.

Namba mbili, sola juu ya paa. Nairobi iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hivyo paneli ikilala bapa juu ya vani haipotezi kitu cha maana. Ya wati 200 siku ya jua huleta wati-saa 800 hivi. Julai, wingu likitanda kutwa, gawanya kwa mbili na usinung'unike. Nunua kidhibiti cha MPPT, kifaa cha kati ya paneli na betri kinachovuna umeme mwingi zaidi, na usifunge ngazi juu ya paneli: kivuli cha ngazi kwenye pembe moja kinaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme wote. Kama gari lako hushinda juani mahali pamoja, mathalani unauza kahawa au unafanya kazi ya spika, sola iwe ya kwanza na chaja ya DC ifuate. Langu hushinda chini ya maghorofa.

Namba tatu, chaja ya stima ya kulaza betri usiku. Ni rahisi na inafanya kazi, mradi iandikwe aina ya betri yako. Ukiwa unaishi ghorofa ya nne mtaa wa Pipeline, waya haufiki kwenye gari, pita.

Rilei, swichi inayounganisha betri mbili injini ikiwaka, inashika namba nne. Kwa vani ya zamani na betri ya asidi inatosha kabisa, na bei yake haiumi. Kwa litiamu, hapana: litiamu hunyonya bila adabu mpaka alteneta inaweza kuungua.

Yale masanduku ya umeme ya kubeba, betri na inveta ndani ya boksi moja, ni mazuri kwa kinyozi au mtu wa laptopu. Ila ukiyajazia kwenye soketi ya sigara ya gari unapata wati 100 hivi, kwa hiyo la wati-saa 1,000 linataka saa kumi za kuendesha. Utakuwa umefika Mombasa.

Betri yenyewe: ya asidi ya Ah 100 tumia nusu tu, wati-saa 600, ya litiamu ya ukubwa huo hukupa 1,000 bila kulalamika. Msumeno wangu wa wati 1,500 huvuta zaidi ya amperi 125 kutoka volti 12, kwa hiyo uliza betri inaruhusu amperi ngapi kutoka kabla hujatoa pesa. Miongozo ya Ulaya huonya juu ya baridi kali. Shida yetu sisi ni joto: injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo betri ikae nyuma, na ya asidi ipate hewa.

Ukienda Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme jijini, kutafuta paneli, beba futi. Paneli nzuri hutoa wati 200 na kidogo kwa mita moja ya mraba. Nilipima moja iliyoandikwa wati 300: mita moja kwa sentimita 67. Nikamwuliza kijana wa dukani hizo wati nyingine zimekaa wapi. Akaigeuza, akatazama nyuma, akasema, "Mzee, hizo huonekana kukiwa na jua."

Nikarudisha futi mfukoni.