Dawati la uhakiki wa wataalamu, hospitali moja ya binafsi jijini Dodoma

Sifa kwanza, kwa kuwa wanastahili. Dawati hili, linalohakiki vyeti na leseni za wataalamu wa afya, haliamini nakala ya cheti, hata iwe na mhuri wa wakili. Mhuri unathibitisha tu kwamba nakala inafanana na karatasi iliyoletwa. Karatasi ikiwa ya kughushi, nakala yake nayo hupata mhuri halali. Kwa hiyo matokeo ya kidato cha nne yanaulizwa Baraza la Mitihani (NECTA), shahada ya nje inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na leseni inatafutwa kwenye rejesta: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa daktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC) kwa muuguzi, Baraza la Famasi kwa mfamasia. Watu wa maabara na radiolojia wana mabaraza yao, na hapo ndipo hospitali nyingi husahau. Hawa hawakusahau. Katika jiji ambamo Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, huo si urasimu.

Tatizo ni kinachofuata. Daktari bingwa anapewa idhini, yaani ruhusa ya nini afanye hospitalini, ya neno moja, "upasuaji", basi. Cheti cha ubingwa hakionyeshi kama mikono yake imezoea upasuaji wa matundu madogo. Fomu ya idhini inapaswa kutaja kila utaratibu (kila aina ya upasuaji au tiba) peke yake, idadi aliyofanya miezi 12 iliyopita, na atakayemsimamia mwanzoni. Mkuu wa idara apendekeze, kamati iamue.

Hapa mganga mfawidhi anasaini peke yake, na ndiye anayepanga zamu. Ratiba ikipwaya, shinikizo la kusaini linamwangukia yeye yeye. Hili ni kosa la uongozi, wala mfumo wa kompyuta hauliponyi. Dharura ina dawa yake: idhini ya muda, yenye tarehe ya mwisho na jina la msimamizi.

Orodha ya idhini nayo imefungiwa kabatini kwa afisa rasilimali watu. Saa nane usiku, muuguzi wa chumba cha upasuaji ataiona wapi? Leseni hukaguliwa siku ya ajira tu, ilhali onyo la siku 90 kabla haijaisha ni safu moja ya Excel. Madaktari wa kuziba zamu za wikendi hawapiti dawatini kabisa, na hilo ndilo la kurekebisha wiki hii.

Anayeomba kazi pale abebe vyeti halisi, leseni hai na, kama majina yanatofautiana, hati ya kubadili jina. Daftari la taratibu alizofanya alipeleke hata asipoulizwa.