Swichibodi ya zamani: kuitengeneza au kuhamia simu za intaneti?

Nyumba za wageni na maduka ya jumla ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyakato, bado yana swichibodi za analogi (mashine za kugawa simu za nje kwa simu za ndani ya jengo) kama Panasonic KX-TES824, ambayo huanza na laini 3 za nje na simu 8 za ndani. Inapoharibika, mwenye biashara huchagua kati ya kuitengeneza na kuhamia simu za intaneti.

Matengenezo mara nyingi si makubwa kama yanavyohofiwa. Ugavi wa umeme mara nyingi hufa kwanza, kwa kuwa kapasita zake (vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji) huvimba kutokana na joto, na fundi wa kawaida wa elektroniki anaweza kuzibadilisha. Radi za ukanda wa ziwa, kwa upande mwingine, huunguza kadi ya laini za nje (bodi ndani ya mashine inayopokea laini hizo), na kadi hiyo sasa mara nyingi hupatikana kwenye mashine zilizotumika. Waya mzuri wa kupeleka umeme ardhini na kinga ya radi kwenye laini ni nafuu kuliko kadi. (Wengi huziruka.)

Simu za intaneti hupanuka kwa urahisi na huunganisha matawi, tuseme la Mwanza na la Bukoba, bila laini ya ziada. Lakini umeme ukikatika, ruta na simu zote hunyamaza pasipo betri ya akiba, ilhali mashine nyingi za analogi huunganisha simu mojawapo na laini ya shaba moja kwa moja.

Kwa ofisi yenye simu chache na nyaya nzima, ningetengeneza. Kadi ya laini ikiungua mara ya pili, ningehama.