Spana ya mfukoni ya baiskeli: ipi ununue ukiendesha Kisumu na viunga vyake

Kutoka Kisumu mjini hadi Maseno ni kama kilomita 25, na karibu kila soko njiani lina fundi wa baiskeli chini ya mti. Ana karai la maji la kutafutia pancha, pampu, solusheni, nyundo na spana ya milimita 15. Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, ikiharibika, huyo ataimaliza kabla hujamaliza chai. Lakini mpelekee baiskeli ya mtumba ya gia 21 yenye breki za diski. Ujuzi anao, ila sandukuni hana ufunguo wa kuingia kwenye zile bolti. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue spana gani ya kukunja, namwambia anunue ile itakayobeba kile ambacho fundi wa njiani hana.

Mimi nililijifunza hili karibu na Kisian, jioni, kiti kikiwa kimezama hadi magoti yangu yanakaribia kugusa usukani. Bolti ya kiti ilitaka ufunguo wa Allen wa milimita 5, nami nilikuwa nao kwenye seti ya bei rahisi isiyo na jina. Nilipoukaza nilihisi umeteleza kidogo. Niliutoa nikautazama: zile kona sita zilikuwa zimeliwa, ncha imekuwa duara, na unga wa chuma unang'aa kidoleni. Nikamuuliza fundi aliyekuwa hapo, "Mzee, una Allen ya tano?" Akainama, akaitazama bolti kwa makini, akasema, "Hapa ni nati tu, mwanangu. Hii yako haina nati." Nilirudi mjini nimesimama juu ya pedeli.

Basi kabla ya kwenda dukani, kaa na baiskeli yako nusu saa na uandike kila bolti inataka nini. Kwenye baiskeli nyingi za mtumba za gia, Allen ya 5 ndiyo inayofanya kazi kubwa: kiti, breki za V, mara nyingi na usukani. Ya 4 hushika kishikio cha chupa, na ya 6 hukaza shingo ya usukani ya mtindo wa zamani. Skrubu za kurekebisha gia ya nyuma hutaka bisibisi ya nyota. Diski ya breki iliyofungwa kwa bolti sita kwa kawaida hutaka Torx T25, ambayo ni nyota ya pembe sita, na hapo bisibisi ya kawaida itakuharibia bolti. Halafu tazama magurudumu. Kama yamefungwa kwa nati badala ya mkono wa kufungulia haraka, ya nyuma kwa kawaida ni ya 15, na spana za kukunja karibu zote hazina saizi hiyo. Hili ndilo linalowaangusha wengi: mtu ana kifaa chenye vipande ishirini na hawezi kutoa gurudumu lenye pancha.

Nafasi ya kwanza naipa spana ya kukunja yenye kitoa pini cha cheni. Crankbrothers M17 ni mfano mzuri: ina Allen kuanzia 2 hadi 8, Torx T25, bisibisi, spana ndogo za 8 na 10, vikaza spoku na kitoa pini, yote kwa gramu 168. M19 inaongeza vipande viwili na kifuko cha chuma, gramu 175. Kwa mtumba wa gia ningechukua M17 na pesa iliyobaki ninunue tyubu. Bei yake si ya mchezo, lakini cheni ikikatika kwenye mlima wa kupanda Maseno hakuna kipande kingine kitakachokuokoa. Fundi wa Black Mamba hukata cheni kwa msumari na nyundo. Ile ni nene na huvumilia. Ukiipiga cheni nyembamba ya gia hivyo, kiungo hupinda na hakizunguki tena.

Kukitumia kitoa pini kunataka utulivu. Weka kiungo kilichovunjika kwenye kitanda chake, pini ya kifaa iguse katikati kabisa ya pini ya cheni, kisha zungusha polepole. Mwanzo inakuwa ngumu, halafu inalegea ghafla. Simama hapo. Ukiisukuma pini hadi ianguke, kuirudisha barabarani ni taabu tupu. Iache ining'inie kwenye bamba la nje. Afadhali zaidi ubebe loki ya cheni, yaani kiungo cha kuunganishia cheni bila kifaa, inayolingana na idadi ya gia zako, ili ukishatoa viungo vibovu ufunge kwa mkono na kuendelea.

Nafasi ya pili: seti ya Allen ya kukunja isiyo na kitoa pini, kama Park Tool AWS-10, yenye saizi 1.5, 2, 2.5, 3, 4, 5 na 6. Ni ndefu kidogo, inakaa vizuri mkononi, na ncha zake zinafika mahali ambapo kifaa kinene hakiingii. Kwa anayezunguka mjini, Dunga, Mamboleo na kurudi, hii inatosha ukiiongezea spana ya 15.

Ya tatu ni Park Tool MT-1, kipande kimoja cha chuma kisichokunjwa: Allen 3, 4, 5, 6 na 8, soketi 8, 9 na 10, na bisibisi bapa. Naipenda kwa sababu haina kiungo cha kulegea wala cha kushika kutu. Haina nyota wala T25, kwa hiyo mwenye baiskeli ya breki za diski asiitegemee peke yake.

Visu vya koleo vya mtindo wa Leatherman naviweka mwisho. Vinachomoa mwiba kwenye tairi vizuri sana, lakini koleo kwenye nati hula kona zake, na fundi atakayekuja baadaye ndiye atakayeteseka.

Mwenye Black Mamba, usinunue chochote kati ya hivyo. Baiskeli yako ni ya nati na kotapini, zile pini zinazoshika mikono ya pedeli. Chukua ile spana yenye umbo la mfupa yenye matundu kumi, saizi 6 hadi 15, na uongeze spana ya 15 yenye mpini mrefu, maana mfupa ule hauna nguvu ya kutosha kwa ekseli ya nyuma. Mpini huo pia utafungua pedeli. Kumbuka tu ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kuzungusha upande wa saa.

Dukani, toa Allen ya 5 uiingize kwenye bolti ya baiskeli yako mwenyewe. Ikicheza ndani, rudisha. Tafuta kama imeandikwa S2 au chrome vanadium, ambazo ni aina za chuma. S2 kwa kawaida ni ngumu zaidi nchani. Kunja na kukunjua kila kipande: kikianguka chenyewe, skrubu ya kati imelegea au ni mbovu. Tena jaribu ile Allen ya 5 ikiwa imekunjuliwa karibu na fremu, kwa sababu kifaa kinene hugonga fremu kabla hakijazungusha hata robo.

Hewa ya ziwani na mvua za alasiri zitakiletea kutu hata kifaa kizuri. Mimi hukifunga na kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, pamoja na tyubu, viondoa tairi viwili na viraka. Loki ya cheni ni ndogo na hupotea, kwa hiyo nimeibandika kwa selotepu chini ya kiti.