Glukosi oksidesi: ndani ya ZIF-8 au juu ya silika?

Kimeng'enya hiki hula sukari na oksijeni ya seli ya saratani, kikiacha asidi glukoniki na haidrojeni peroksaidi. Upungufu huo wa oksijeni ndio unaoiamsha tirapazamini, dawa inayobebwa pamoja nacho. Kazi ngumu ni kuchagua chembe ya kukibeba.

ZIF-8, fuwele yenye matundu, hujengwa kukizunguka kimeng'enya: zinki nitrati na 2-methilimidazoli kwenye maji, bila kupasha moto. Matundu yake ni kama nanomita 0.34 tu, glukosi haipenyi kirahisi, hivyo kimeng'enya hutulia hadi asidi ya lisosomu, kifuko cha seli kinachomeng'enya vitu (pH 4.5–5), ibomoe kuta. Usioshe kwa bafa (myeyusho wa kutunza pH) ya fosfeti! Fosfeti huinyakua zinki na chembe huanza kuvunjika kabla ya jaribio.

Silika (kijenzi cha mchanga na kioo) yenye vitundu vya nanomita 2–4 ni imara zaidi na huipokea tirapazamini vizuri. Ila kimeng'enya, chenye uzito wa molekuli wa takriban kilodaltoni 160, ni kikubwa mno kuingia humo. Hugandishwa juu kwa EDC na NHS, kemikali za kuunganisha, bila bafa ya Tris, kwani amini zake (vikundi vyenye nitrojeni) huharibu uunganishaji. Kikiwa wazi hivyo, huanza kutumia glukosi ya damu njiani.

Kwa sindano ya mshipa tunapendelea ZIF-8, mradi zinki inayoachiliwa ipimwe. Silika isiyofunikwa inafaa majaribio ya seli tu.