Kumbe Fontana Maggiore Ina Wenyewe

Sikutarajia kwamba ningefika Perugia, nchini Italia, nikafukuzwa kwenye Fontana Maggiore, chemchemi ya umma isiyo na kiingilio, iliyojengwa katika miaka ya 1270 ili wakazi wa mji ule wa mlimani wapate maji yaliyoletwa kwa mfereji kutoka mlima Monte Pacciano. Hayo yalinipata miezi kadhaa iliyopita, na hadi leo nikiyakumbuka napandwa na hasira.

Nilikuwa kwenye uzio wa chuma, nikilizunguka taratibu beseni la chini, ambalo mchongaji Nicola Pisano na mwanawe Giovanni walilipamba kwa michongo 50. Beseni hilo lina pande 25, kwa hiyo hakuna mahali pa kusimama ukaiona yote. Sharti uizunguke miezi ya mwaka iliyochongwa humo, mmoja baada ya mwingine, tangu Januari watu wanapoota moto hadi Desemba nguruwe anapochinjwa. Nilikuwa nimefika kwenye kisa cha Ezopo, msimulizi wa hekaya wa Ugiriki ya kale, cha mbwa mwitu anayemshutumu mwanakondoo kwamba anamchafulia maji, ilhali mwanakondoo yuko upande wa chini wa kijito. Hapo ndipo mwongoza watalii mmoja, mwavuli mkononi na kundi nyuma yake, aliponiamuru bila hata salamu nisogee, eti nawaziba watu waliolipa. Nilipomwuliza wamelipia nini uwanjani pa wote, alinigeuzia mgongo, akapitisha mwavuli mbele ya uso wangu, akaanza kuisifu michongo kana kwamba ameichonga yeye. Mwanakondoo ndiye mimi, basi.

Ningeandika siku ileile, ningewaambia msiende kabisa. Hata hivyo, nisiidhulumu kazi ya mafundi kwa kiburi cha mtu mmoja. Kundi lile halikukaa hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, nami nikabaki nikiyatazama mawe meupe na ya waridi, nyuso nyingine zimelika lakini mikono bado imeshikilia kazi yake, na juu kabisa sanamu ya wanawake watatu wasioshughulishwa na kelele za chini. Ni kazi nzuri mno. Nyota tano, ingawa mkono unasita kuiandika ya tano.

Nendeni asubuhi na mapema, kabla miavuli haijafika. Au hapana: nendeni saa yoyote mpendayo, na mkiambiwa msogee, msisogee.