Simu ya Familia: Ipi Inunuliwe Kwanza, na Ipi Apewe Mtoto

Kwa nyumba yenye watoto na bajeti ya kati, yaani kama laki nne hadi laki tano na nusu kwa Dar es Salaam, pendekezo langu la kwanza ni Samsung Galaxy A17. Ikikosekana, au bei ikikushinda, chukua A16. Sababu kubwa ni masasisho ya usalama, ambayo Samsung wameahidi kuyatoa kwa miaka 6 tangu simu hizi zilipotoka. Katika familia simu haikai kwa mtu mmoja. Inaanza kwa mama, inahamia kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, halafu inapelekwa kwa bibi. Kote huko inabeba M-Pesa au Mixx, picha za watoto na meseji za shule. Simu iliyoacha kupokea masasisho ni nyumba isiyo na komeo, na mlango huo unabaki wazi hata kama kioo bado kinang'aa.

Kabla sijazipanga nyingine, tuzungumze kuhusu picha, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi haikuambii picha itakuwaje. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja, na picha inayotoka huwa na megapikseli 12 na ushee. Ndiyo maana simu ya bei nafuu yenye megapikseli 108 inaweza kushindwa na simu bora ya 12. Vile viduara vitatu au vinne vya mgongoni navyo usivihesabu. Kimoja au viwili mara nyingi ni vya megapikseli 2, na hutavitumia baada ya wiki ya kwanza.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni OIS, kifaa kinachotuliza lenzi mkono unapotikisika. Sherehe zetu nyingi ni za usiku: send-off, kitchen party, mkesha wa Krismasi, maulidi uani chini ya taa moja. Gizani kamera hulazimika kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi, na bila OIS picha hutoka na ukungu. Hapo ndipo A17 inapoipita A16, kwa kuwa A16 haina OIS. Elewa tu kwamba OIS hutuliza mkono wako, haimtulizi mtoto anayekimbia. Huyo msogeze kwenye mwanga.

La pili ni jinsi simu inavyoiona ngozi nyeusi. Kwa miaka mingi kamera nyingi zilitufanya tuwe kijivu, au zilifuta sura ya mtu aliyekaa karibu na dirisha. Oktoba 2021 Google walizindua Pixel 6 wakiwa na mfumo waliouita Real Tone, uliorekebishwa kwa msaada wa wapiga picha waliozoea kupiga watu wa rangi mbalimbali. Tecno nao walijijengea jina Afrika kwa kurekebisha kamera zao kwa ngozi zetu mapema kabla ya hapo. Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Albamu ya familia ambayo sura ya babu haionekani ni hasara isiyoweza kufidiwa.

Namna ya kupima ni rahisi. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji asimame mlangoni, barabara yenye jua ikiwa mgongoni kwake, mpige picha, halafu uikuze usoni. Je, unaona macho na rangi yake halisi, au unaona kivuli tu? Kisha mpige tena ndani kabisa, penye taa hafifu. Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey anayekataa jaribio hilo, mshukuru uende duka linalofuata; pale maduka ni mengi.

Turudi kwenye orodha. Nafasi ya pili naipa Google Pixel 8a iliyotumika, na kwa anayejali picha kuliko kitu kingine chochote, hii ndiyo ya kwanza. Ilitoka Mei 2024 ikiwa na ahadi ya masasisho ya miaka 7, maana yake hadi 2031. Ina OIS, na usiku inapiga picha ambazo simu mpya za bei hiyo hazizifikii. Kinachoishusha ni kwamba Pixel haiuzwi rasmi kwetu. Kioo kikipasuka, fundi ataagiza, na bei yake itakuuma. Nyingine zilifungwa kwa mtandao mmoja huko zilikotoka, kwa hiyo weka laini yako, piga simu na ufungue intaneti kabla ya kutoa hela. Kwa ndugu zake wa zamani kuwa mwangalifu. Mwaka 2025 Google walisambaza sasisho la lazima la kupunguza uwezo wa betri za baadhi ya Pixel 6a kwa sababu ya hatari ya kupata joto kupita kiasi, na Pixel 7a nazo zilikuwa na tatizo la betri kuvimba. Kwenye simu itakayoshikwa na mtoto usiku, hilo kwangu linatosha kuziacha.

Nafasi ya tatu ni Tecno na Infinix za laki mbili na nusu hadi laki tatu na nusu. Hizi, pamoja na itel, ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Zinadumu na chaji, chaja huwa ndani ya boksi (kwenye Samsung za bei hii mara nyingi unanunua peke yake), na vipuri vyake utavipata hata Tandahimba. Udhaifu wake ni masasisho machache na programu nyingi zilizopachikwa tangu kiwandani. Pia usidanganyike na maandishi ya "8+8" au "16GB" kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo simu hutumia inapofanya kazi. Nane ya pili imeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, na haifanyi kazi kwa kasi ya RAM halisi. RAM halisi isiwe chini ya 4GB, na hifadhi iwe 128GB. Ile ya 64GB inajaa haraka kwa magrupu ya ukoo, kikoba na kamati za harusi peke yake.

iPhone iliyotumika naiweka ya nne, ingawa najua wengi watanipinga. iPhone 11 bado inapiga video nzuri sana. Lakini ulinzi wa watoto wa Apple unasimamiwa kutoka kifaa cha Apple, kwa hiyo kama mama ana Android na baba ana iPhone, mmoja wenu hatakuwa na usukani. Ukiitaka hata hivyo, ingia kwenye Mipangilio uangalie afya ya betri, na isiwe chini ya asilimia 80. Tazama kama kuna onyo la kipuri kisichotambulika. Hakikisha akaunti ya mwenye awali imeondolewa kabisa, la sivyo umenunua kipande cha kioo.

Simu za mkopo wa kulipa kila siku nitazisema kwa ufupi: jumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho, kisha linganisha na bei ya taslimu. Na kumbuka kwamba usipolipa inafungwa, ikiwa na picha zako ndani.

Sasa mtoto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Kwa hiyo kabla ya darasa la kwanza hakuna simu ya kununua. Mtoto akiazima yako kutazama katuni, tumia Samsung Kids, iliyomo tayari kwenye Galaxy nyingi, au ibandike programu moja kwenye skrini ili asitoke bila namba yako ya siri. Namba ya siri ya pesa asiijue hata kwa bahati mbaya.

Kwa mwanafunzi wa msingi anayepanda daladala peke yake, chaguo la kwanza ni kitochi. Anakupigia, unampigia, chaji inakaa siku kadhaa, na hakuna mgeni anayeweza kumtumia picha za ovyo. Mtoto atalalamika kwamba wenzake wana simu janja. Mwache alalamike.

Akiwa sekondari, usimnunulie mpya. Mpe simu yako ya zamani ambayo bado inapokea masasisho, na wewe uhamie mpya. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo hii ni ya nyumbani na ya likizo. Futa kila kitu, kisha mfungulie akaunti ya Google kwa umri wake wa kweli. Wazazi wengi huandika mwaka wa uongo ili kuharakisha, na kwa kufanya hivyo wanaondoa ulinzi wote uliowekwa kwa ajili ya watoto. Halafu unganisha akaunti hiyo na Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ambayo ni ya bure. Utaidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, utaweka saa ya kulala ambapo simu inajifunga, na utaona mahali simu ilipo.

Lakini Family Link haisomi meseji za WhatsApp wala haioni anayezungumza naye TikTok. Akaunti ya kawaida ya WhatsApp inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Akifika umri huo, kaa naye muingie kwenye faragha: ni waliomo kwenye orodha yake tu wanaoweza kumwingiza kwenye grupu, na simu za namba asizozijua zinyamazishwe. Mwambie waziwazi kwamba mtu akimwomba picha za mwili au kumtisha, hatanyang'anywa simu kwa kukueleza. Hofu ya kunyang'anywa ndiyo inayowafanya wengi wanyamaze. Akishindwa kukwambia wewe, Simu ya Mtoto ni 116, na haitozwi.

Siku ya kununua, piga *#06#. Linganisha namba ya IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 kwa Tanzania, au 1555 kwa Kenya. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia, na isiyotambulika bado si ya kuhatarisha pesa zako. Kwa iliyotumika, fungua pia Mipangilio utazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita miaka miwili, rudisha. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na IMEI iandikwe humo kabla hujaondoka kaunta.